Kutikisa Videvu

Bunia, Alhamisi. Mvua ya asubuhi imeuacha mtaa wetu wa Saio na tope jekundu hadi mlangoni, na mimi nimeshinda nikicheka peke yangu.

Tangu vita vitukimbize kutoka Kasenyi, miezi saba sasa, Mama hasemi zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Kule alikuwa akiuza samaki, na wateja walifuata masolo yake, zile porojo za kupitisha muda, kuliko hao samaki. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba sitamsikia tena.

Leo nilimleta nyumbani muuguzi mmoja, bibi wa Kiingereza ninayemfanyia ukalimani. Aliketi karibu na Mama, akasema kwa upole angependa wawe na "chinwag".

Neno hilo sikulijua. Badala ya kuuliza nikajitia mjuzi: "chin" ni kidevu, "wag" ni kutikisa, kama mbwa na mkia wake. Nikatafsiri bila aibu.

"Mama, huyu muzungu anaomba mutikise videvu pamoja."

Mama alimtazama mgeni, akajishika kidevu.

"Kidevu yangu iko na kosa gani? Atikise yake kwanza."

Kisha akacheka. Mama yangu alicheka.

Nilipomweleza mgeni, naye alicheka mpaka akafuta macho, halafu akakitikisa kidevu chake kweli, bibi wa watu. Walikaa saa nzima. Mama alieleza namna ya kukausha samaki, akamsengenya jirani yetu wa zamani aliyekuwa akituibia chumvi. Nilitafsiri huku machozi yakinitoka.

Alipokuwa akiondoka, mgeni aliniambia ni neno la mtaani kwao, la siku nyingi, na maana yake ni masolo tu, maneno yasiyo na kazi. Vipande vyote nilivipata sawasawa, neno lenyewe likanipita.

Kinachoniuma ni kingine.

Miezi yote hii nimemwuliza Mama kama amekunywa dawa, kama amekula, kama maji yapo. Maswali yenye kazi. Sikuwahi kukaa naye nikamwambia upuuzi. Nilidhani vita vimemnyang'anya maneno, kumbe alikosa mtu wa kupiga naye masolo.

Kesho nitachelewa kazini. Nitakaa naye jikoni, na sina jambo lolote la maana la kumwambia.