Mgongo Wangu Atausugua Nani

Jumatatu, 6 Novemba

Ni saratani. Titi la kulia, sentimita mbili na ushee. Daktari ni kijana mwenye sauti ndogo. Alisema tumeiwahi, akarudia mara tatu, mpaka nikamwambia nimesikia. Kulazwa tarehe 20, saa nane mchana. Kupasuliwa kesho yake.

Niliuliza swali moja tu: mkono wa kulia utafanya kazi? Akauliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia nasugua wanawake nongo kwenye hamamu ya umma ya Mama Pyo, karibu na soko la samaki, mwaka wa ishirini na sita huu. Akaacha kuandika. Haya mambo ya tezi za kwapani yategemea watakachokuta, akasema. Pengine nimeshamsugua mama yake. Busan hii, sishangai.

Sikulia. Nimechukua basi, nimekula tambi, nimemaliza na supu yake.

Kuna fomu. Muuguzi alinionyesha kwa kalamu: jina la ndugu wa mgonjwa, uhusiano, sahihi. Mume? Tuliachana zamani. Mtoto? Sina. Basi kaka, dada? Nikasema nitaangalia.

Mdogo wangu yupo. Mal-suk, Daegu, saa moja kwa treni. Miaka sita hatusemezani. Simpigii! Naandika hapa ili nikilegea nijisute.

Jumanne, 7 Novemba

Nimefanya ujinga wa kihistoria. Kile kipande cha nyama walichokata kupima kimeniachia alama ya zambarau kama bilinganya. Sisi wasuguaji huvaa sidiria na chupi nyeusi, basi, maana maji yako kila mahali. Nikaona nivae fulana juu ili nifiche. Mimi, Gu Bun-rye, nimeingia hamamuni na fulana!

Wanawake thelathini uchi, mmoja kavaa. Wote wakanitazama. Hata waliokuwa ndani ya maji moto na taulo usoni waliitoa taulo.

Mteja wa tatu alikuwa Bibi Tak. Anauza dagaa wakavu sokoni, ana miaka sabini na miwili, na kila Jumanne yuko mezani kwangu. Kifua chake upande wa kushoto ni bapa, na kovu limekata kutoka katikati mpaka kwapani. Kovu hilo nalijua kila kona. Naanzia chini, polepole, sikandamizi. Miaka kumi na moja sijawahi kumuuliza, wala hajawahi kusema.

Leo alilala chali, akaitazama fulana.

"Lipi?"

"Lipi nini, Bibi?"

"Titi, mwanangu. La kulia au la kushoto?"

Nikaendelea kusugua. Nilipofika kwenye goti nikasema la kulia. Akasema, haya, sugua, usinikwepe hapo kwenye kifundo kama jana na juzi. Na jana na juzi hakuja.

Alipomaliza kuvaa aliniwekea mayai mawili ya kuchoma juu ya kabati langu, na karatasi: *Shati la vifungo mbele. Mto mdogo wa kuweka chini ya mkono. Pini kubwa — kile kichupa cha mrija wa kutoa maji ya jeraha utakibana ndani ya nguo. Usibebe chochote.* Mwandiko wake ni mbaya kuliko wangu.

Alhamisi, 9 Novemba

Watu tisa. Mkono mzima kabisa. Fulana nimeitupa. Aliyetaka kuona kaona. Mama Pyo wa dirisha la malipo, mwenye hamamu, alinipa kinywaji cha wali baridi, bila malipo. Mama Pyo huyu huyu anayekata sabuni vipande viwili ili atoe bure kidogo kidogo.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimejaribu njia zangu.

Kwanza nilipiga simu kwa wale wanaouguza watu kwa malipo. Mwanamke mmoja mchangamfu. Kuuguza tunauguza, akasema, usiku kucha tukitakiwa, ila sahihi hatutii.

Nikamweleza Bibi Tak. Akasema ataandika yeye, ana kalamu. Tukapiga simu hospitali kutoka dirishani kwa Mama Pyo. Muuguzi akauliza: huyo bibi ni nani wako? Nikasema, mteja wangu. Bibi Tak akanipokonya simu.

"Mimi shangazi yake. Dada wa baba yake kabisa. Nimembeba mgongoni huyu."

"Sawa, mama. Jina lako?"

"Tak Jeom-sun."

Yule binti, kwa adabu zote, akauliza imekuwaje dada wa baba aitwe Tak na mtoto wa kaka yake aitwe Gu, wakati jina la ukoo hutoka kwa baba. Hapo Mama Pyo akajipiga paji la uso. Angesema ndugu wa mama, angeitwa jina lolote duniani! Bibi Tak akakata simu akidai mtandao mbovu.

Tulicheka mpaka wateja wakaja kuchungulia na povu kichwani. Nilipofuta macho nikakuta Bibi Tak hacheki tena.

Akauliza kama kweli sina ndugu. Nikamwambia.

Mal-suk alipomwoza binti yake aliwaambia wakwe kwamba dada yake ana duka la vipodozi. Wiki moja kabla ya harusi akanipigia. Dada, siku moja tu, tafadhali, ukiulizwa sema una duka. Nikamjibu: basi hilo duka liende harusini. Nikakata. Siku ya harusi nilisugua watu kumi na wanne. Alipiga mara mbili mwezi uliofuata. Sikupokea. Mara ya tatu hakupiga.

Mkono huu ndio uliomlipia Mal-suk ada ya chuo. Anauonea haya.

Bibi Tak alisikiliza yote. Akasema kwa hiyo aliyeacha simu ya mwisho bila kuipokea ni wewe. Nikamwambia sikuomba hesabu. Akajifunga kitambaa chake kichwani, akaondoka.

Jumapili, 12 Novemba

Nimenunua shati la vifungo. La bluu. Limenikaa vizuri.

Jumanne, 14 Novemba

Bibi Tak alikuja mapema, maji bado mapya. Alilala kifudifudi, na kwa mara ya kwanza akasimulia.

Alipopasuliwa hakumwambia mtu. Wanaye walikuwa Seoul, akaona asiwasumbue. Alijilaza mwenyewe, akajitoa mwenyewe. Kisha mwaka mzima hakukanyaga hamamu. Alioga nyumbani kwa beseni. "Mgongo ulinikaa gamba," alisema. "Usiku nawashwa, najisugua kwenye kona ya kabati kama ng'ombe. Siku hiyo ndipo nilipolia. Si hospitali. Kwenye kabati."

Siku aliporudi alikuja kwangu kwa kuwa meza ilikuwa tupu. Alilala chali, akafumba macho, akingoja nishtuke.

"Unajua ulisema nini?"

Sikumbuki. Nilimwambia sikumbuki.

"Ulinigonga paja, ukasema: geuka."

Hilo tu. Hilo nawaambia wote, watu kumi na wawili kwa siku. Mkono ulinisimama mgongoni kwake na sikuweza kuendelea. Tangu yule daktari wa sauti ndogo sikuwa nimelia. Leo nimelia juu ya mgongo wa mteja, na maji ya mvuke yakanisaidia, ingawa hakuna aliyedanganyika.

"Sasa wewe," akasema bila kugeuka, "mgongo wako husuguliwa na nani?"

Nikasema najisugua mwenyewe, kwa kile kitambaa chenye mpini mrefu. Akacheka, na mwangwi ukamfuata mpaka kwenye maji baridi. Mwanamke wa pembeni naye akacheka. Msuguaji wa watu, mpini mrefu!

Humu ndani hata mgeni akiingia peke yake humgeukia wa jirani, tubadilishane migongo, nikusugue unisugue? Na hubadilishana. Mimi miaka ishirini na sita sijamwomba mtu. Nilidhani ni sifa.

Jumatano, 15 Novemba

Hamamu imefungwa, siku yake ya mapumziko. Hata hivyo nilikwenda, nikasafisha meza yangu. Mama Pyo amesema meza haendi nayo mtu: atamleta msuguaji wa muda kutoka Jinhae, na huyo ameambiwa ni wa muda. Kwenye kalenda ya ukutani wateja wamejiandika siku zao za kunipikia uji nikitoka. Mmoja kaandika *bila kitunguu, hapendi*. Kweli sipendi. Nani kamwambia?

Nitapona. Sisemi kwa kujipa moyo. Ninaitazama miili kila siku na najua unaotaka kuishi, na wangu unataka.

Ila fomu bado tupu.

Ijumaa, 17 Novemba

Nilishika simu mara nne. Mara ya nne nilimpigia muuza kabichi.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimempigia.

Alipokea mlio wa kwanza. Sikuwa nimejiandaa kwa mlio wa kwanza. Nikasema: Mal-suk, ni mimi. Nina saratani ya titi, wanaikata Jumanne, Jumatatu nalazwa saa nane, wanataka ndugu aweke sahihi. Yote kwa pumzi moja, kama mtu anayeagiza chakula.

Nikasikia mlango ukifungwa kwake.

"Hospitali gani?"

Nikamtajia.

"Asubuhi utakuwa wapi?"

Nikamwambia hamamuni. Baada ya kupasuliwa sitaingia majini mwezi mzima au zaidi, na siendi kule na nongo mwilini. Nikaongeza, na sikuwa na haja ya kuongeza: kazini kwangu.

Akasema haya. Akakata.

Haya nini? Haya nakuja, au haya nimesikia? Miaka sita, na mtu anakupa neno moja. Ni mtoto wa mama yangu kabisa huyu.

Jumatatu, 20 Novemba

Saa mbili asubuhi. Naandika kwenye benchi la kuvulia nguo, begi miguuni: shati la bluu, mto mdogo, pini kubwa. Fomu imo kwenye mfuko wa mbele, imekunjwa mara mbili. Bibi Tak yuko ndani tangu saa kumi na mbili, ameniwekea kigoda karibu na maji moto, na kila dakika tano anaita kupitia mlango wa kioo: "Unavua au unaandika barua ya mapenzi?"

Nimevua yote. Nimebaki na taulo.

Bibi Tak kasema asipotokea mtu mpaka saa tatu ananisugua yeye, kisha tunakwenda wote hospitali, atakaa mlangoni mpaka wamchoke, na safari hii atasema ni mama mdogo wangu. Nimemwambia sawa. Nimemwambia ahsante pia. Alijifanya hakusikia.

Hofu ninayo. Iandikwe. Si ya kisu. Ni ya huo mlango wa mbele, kila ukilia kengele.

Umelia mara tatu. Mwanamke na mtoto. Muuza maziwa ya chupa. Mwanamke mwingine.

Sasa tena.

Pazia lipo katikati, simwoni mtu. Namsikia Mama Pyo akisema kichwa kimoja au viwili, ufunguo huu hapa, viatu kabati la chini. Mgeni anauliza bei ya vitambaa vya kusugulia. Anataka viwili. Mama Pyo anamwambia leo msuguaji wetu hayupo kazini, itabidi ajisugue.

"Najua," sauti inasema. Imekwaruza kidogo, ya mtu aliyepanda treni ya kwanza. "Mimi ni mdogo wake huyo msuguaji."

Kasema kwa sauti, dirishani, kila mtu akisikia.

Viatu vinawekwa. Kabati la chini. Kalamu inateleza, vidole vina unyevu, na pazia linasogea na mtu anauliza, Dada uko upande gani, na mimi