Mdokozi Amekula Herufi Mbili za Mama

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla dada yangu mkubwa hajafika Jumamosi, maana akinitazama usoni nitasema, na nikishasema sidhani kama nitakuwa na dada tena.

Marehemu mama yetu alikuwa mwandishi, si wa vitabu, wa maneno yanayotenda: akikuandikia "Paa lisivuje" kwa wino aliouchemsha mwenyewe, basi mvua inyeshe wiki nzima, ndani kwako pakavu, na alipofariki mwaka juzi alituachia baba mgonjwa na huyu Mdokozi. Mdokozi ni kidudu cha ukubwa wa kidole gumba, kina manyoya na masikio na kicheko cha puani, na chakula chake ni maandishi ya mama tu, gazeti hagusi, fotokopi hata hainusi (nafanya kazi kwenye duka la kupiga chapa, nilijaribu). Tena hatafuni ovyo, ana uchokozi wake, anadokoa "si" peke yake kisha anakaa pembeni kusikiliza watu wakilalamika. Kwa jirani yetu mshonaji "Sindano isivunjike" ikabaki "Sindano ivunjike", akavunja saba kabla ya chakula cha mchana, na paa la mwalimu usiniulize.

Sasa baba. Juu ya kitanda chake mama alibandika neno moja, "Asiondoke", na kwa neno hilo baba, aliyekuwa fundi viatu, amelala pale pale miaka mitatu, daktari anakuja anatikisa kichwa anakwenda zake, mimi peke yangu namgeuza, namsafisha, namlisha uji kwa kijiko, vidonda vya mgongo vinazidi kuchimbika, na haondoki. Jumanne mchana nilimkuta Mdokozi ukutani nikamfunika kwa kopo la maziwa, nilikuwa nimeshamkamata, mshauri, halafu baba akaguna, na nikainua kopo. Hakuna aliyenilazimisha. Nikakaa kwenye kiti nikamtazama akitafuna zile herufi mbili, na sikulia, nilishusha pumzi.

Neno sasa linasomeka "Aondoke". Tangu siku hiyo baba anapungua, uji hataki, juzi aliniuliza viatu vyake viko wapi, wazee na maneno yao, na dada ananipigia simu kutwa kwamba kwenye chupa ya mama umebaki wino wa kutosha herufi mbili, niirudishe "si" upesi. "Kalamu unayo, wino unao, unangoja nini?" Yeye anajua ni Mdokozi tu, la kopo halijui. Nikiandika namrudisha baba kwenye vidonda, nisipoandika namalizia nilichoanza, na usingizi sipati, kazini nakosea kila mstari, nikijiona kwenye kioo najiambia neno lile lile, mimi muuaji.

Mwenye Kopo

Mwenye Kopo, marahaba, na pole. Pole ya miaka mitatu, maana nahisi hiyo hujapewa na mtu.

Sasa nikugombeze. Umenieleza masikio ya kidudu, umenihesabia hata sindano za jirani, halafu baba yako anafungua kinywa kuuliza viatu vyake na wewe unampita juu juu. Fundi viatu akiuliza viatu, mwanangu, hajapotewa na akili. Neno lile liliandikwa na mke aliyeshindwa kumwachilia mumewe, na simlaumu, ila naona hakuna aliyemuuliza mwenye safari. Mama yako hakumuuliza, dada yako hamuulizi, na wewe uliinua kopo bila kumuuliza. Kosa lako ni hilo, wala si dogo.

Basi muulize leo. Mshike mkono, tumia maneno ya kawaida. Akisema anataka kubaki, andika "si" hapo hapo, urudi kwenye kijiko na vidonda, na mimi sitakuwa na la kuongeza. Akitaka viatu, vitoe ulikoviweka, vifute vumbi, vipige brashi mbele yake akuelekeze unapokosea, kisha umvishe.

Dada yako asingoje Jumamosi, apande gari sasa. La kopo mwambie wewe mwenyewe, kabla hajaketi. Atafoka, mwache afoke, hajawahi kumgeuza baba hata mara moja na hilo atalikumbuka bila kukumbushwa. Mdokozi mrudishe chini ya kopo, na safari hii weka tofali juu.

Kama baba atakuwa amekwenda na wino haujaguswa, fungua bahasha niliyokutumia. Ndani nimekurudishia barua yako. Mstari wa mwisho, kati ya "mimi" na "muuaji", umeacha nafasi. Nimeipima, inatosha herufi mbili.