Moto Ndani ya Mdomo

Gatwekera, Kibera

Kwa dada yangu Auma,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote walio hapo bomani. Usiku unalala, au bado kikohozi kinakuketisha kitandani? Na yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha wiki nzima, bati linavuja upande wa kitanda, basi tunasogeza kitanda na maisha yanaendelea.

Nafula, mke wa mwanangu, najua ni wewe unayemsomea mama mkwe wako, ndiyo maana nimeandika kwa Kiswahili, si kwa Kijaluo chetu. Kwanza watoe watoto nje. Halafu soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona haya.

Dada, nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitaja sigara tu, unasema mtandao umepotea. Karatasi haina mtandao.

Unajua nilivyoanza, maana ni wewe uliyenifundisha jikoni kwa nyanya, mwaka ule nilioolewa. Unawasha sigara, unaigeuza, upande wenye moto unaingia mdomoni, unafunga midomo, na anayepita nje haoni kitu. Nyanya alivuta hivyo, na mama pia. Sikulaumu. Mwanamke aliyeamka alfajiri kulima, kuteka maji na kupika, zile zilikuwa dakika zake tano peke yake. Nikaja nayo Nairobi. Miaka yote hii nimeuza omena, visamaki vyetu vya ziwani, kibandani hapa Kisumu Ndogo ya Kibera, nimeimba kwaya, na hakuna muumini aliyejua. Nilikuwa navutia nyuma ya kibanda nikiwa nimeinama kama mtu anayechagua omena, kisha natafuna tangawizi.

Sasa sikia yaliyonipata. Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka nilikuwa naongoza wimbo. Kufika ubeti wa tatu, pumzi ikakatika. Maneno nilikuwa nayo, hewa ndiyo sikuwa nayo. Nikashika kiti, nikaketi. Waumini walidhani Roho amenishukia, wakapiga vigelegele, nami nikainua mkono juu kama mtu aliyeshukiwa kweli. Nilidanganya kanisani, dada, mbele ya madhabahu.

Kesho yake akaja Mercy. Huyu ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, msichana wa hapa hapa Gatwekera, anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ni mgonjwa.

"Mathe, jana haikuwa Roho," akaniambia; mathe ndiyo mama kwa vijana wa hapa. "Hiyo ni kifua. Twende kliniki."

Muuguzi alinisikiliza mgongoni, kisha akanimulika mdomoni kwa tochi. Akaizima, akaniuliza.

"Mama, hapa juu kuna mabaka meupe. Huwa unavuta moto ukiwa ndani, sivyo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe ni mtu wa huko kwetu, alishawaona wengine. Alinieleza kwamba joto na moshi huunguza mdomo kidogo kidogo, na mabaka kama yale yanaweza kugeuka saratani. Nikapelekwa kwa daktari wa meno, akakata kipande cha nyama kikapimwe. Zile siku za kungoja sitaki hata kuzikumbuka. Nilipima omena, nikarudisha chenji, nikacheka na wateja, na moyoni nilikuwa najiandaa kufa. Majibu yalipofika, daktari aliniambia, "Bado si saratani. Lakini mama, nimesema bado."

Mercy akaniingiza kwenye huduma ya simu. Haitaki simu kubwa, hata hii kabambe yangu ya vitufe inatosha. Kila siku unatumiwa ujumbe wa kukusaidia kuacha sigara na kukuhimiza utembeze mwili. Ujumbe wa kwanza ulisema, "Ndugu, leo umeanza safari. Waambie rafiki zako wa baa kwamba umeacha." Baa! Mimi! Wa pili ukasema nikipata hamu nivae viatu vya michezo, nikakimbie bustanini nusu saa. Bustani gani, Auma? Kati ya mlango wangu na wa jirani kuna mtaro. Na mwanamke wa umri wangu akikimbia Gatwekera, watu watadhani amemwibia mtu. Siku ya nne nikavuta.

Mercy alipokuja nikamwekea simu mkononi. "Hii kitu yenu inaongea na mwanamume. Mtafuteni huyo mwanamume mumsaidie, mimi mniache."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mathe, unaweza kusema hivyo mbele ya wenyewe waliotengeneza hii huduma? Alhamisi wako Kawangware. Wanataka kuambiwa wamekosea wapi."

Nikaenda. Ulikuwa ukumbi wa kanisa, umejaa wanaume wanaotumia huduma ile. Kijana mmoja mwenye kompyuta ndogo alikuwa akipanga watu. "Wamama ambao mabwana zao wanavuta, wakae huku," akasema.

Nikabaki nimesimama. "Bwana yangu alikufa bila kuonja sigara. Anayevuta ni mimi."

Kicheko kilipasuka ukumbi mzima. Mmoja akasema, "Ai, mathe, wacha zako!" Dada, hasira zilinipanda. Nilichukua sigara kwenye pakiti ya yule aliyekaa karibu nami, nikaigeuza bila kuiwasha, nikaitia mdomoni na kufunga midomo. Kisha nikaitoa. "Moto unakaa huku ndani. Nyanya zenu walivuta hivi. Wengine wenu mama zenu wanavuta hivi mpaka leo, na ninyi hamjui, ndiyo maana mnacheka."

Kijana wa kompyuta alinitazama tu. Ndipo mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, amevaa koti zuri, akatia mkono kifuani akatoa kikopo cha ugoro. "Watoto wangu wanajua hii ni dawa ya mafua," akasema. Akamgeukia kijana. "Na wewe, mbona huandiki? Andika!"

Huyo anaitwa Wairimu. Ni mwenye ploti, ana nyumba za kupangisha hapo Kawangware, na ana sukari na presha. Miaka yote niliyokaa Nairobi, mwenye nyumba kwangu ni mtu anayebisha mlango mwisho wa mwezi. Sikuwahi kufikiri nitaketi na mmoja wao nikamwambia siri zangu.

Tulirudi Alhamisi nyingi. Tuliwaambia hatari yetu si baa, ni ile saa vyombo vimeoshwa na nyumba imenyamaza. Tuliwaambia waseme kutembea, si kukimbia, na watuite mama. Wairimu alisema watu wa umri wetu hawasomi vile viherufi, heri simu iongee. Basi yeye akarekodiwa kwa Kikuyu na mimi kwa Kijaluo chetu cha ziwani, si kile cha redio. Sasa kuna wanawake nisiowajua wanaosikia sauti yangu ikiwaambia, "Mama, weka hiyo chini, toka nje, tembea mpaka kwa jirani umsalimie."

Na mimi natembea. Kila Jumamosi asubuhi natoka hapa, napita Soko la Toi kabla nguo za mitumba hazijamwagwa, nashika Ngong Road. Wairimu anatoka kwake, tunakutana njiani. Siku ya kwanza nilimkuta ameketi kwenye kibanda cha chai, jasho linamtoka.

"Akinyi, nitafia hapa," akasema, "na wapangaji wangu watasherehekea."

"Mimi ni mpangaji, na ninakwambia inuka."

Akainuka. Sasa ananiacha nyuma kwenye mlima.

Nafula, hapa ndipo nilipokuomba usiruke.

Auma, wiki tatu zilizopita ulinipigia ukaniambia unakohoa damu. Ukaniapisha nisimwambie mwanao wala mtu yeyote. Niliapa. Nilipokata simu nilikwenda nyuma ya kibanda nikavuta sigara mbili, moja baada ya nyingine, baada ya wiki kumi na moja bila moshi. Nililia huku navuta. Kisha nikampigia Wairimu, nikingoja anikemee. Akasema tu, "Umeanguka. Kesho tunatembea au hatutembei?" Tukatembea, na tangu siku hiyo sijavuta. Hamu haijaisha, usidhani imeisha. Jana jioni ilinishika tena, nikatoka nje nikazunguka ploti mara sita, majirani wakiniuliza nimepoteza nini.

Mara mbili umeniambia utaenda hospitali wiki ijayo, na wiki hizo zimepita. Kwa hiyo leo navunja kiapo changu, na Nafula ameshasikia. Nikasirikie. Ninunie hata mwaka mzima, mradi uwe hai wa kuninunia.

Nafula, usilie. Mwambie mume wako leo, asingoje Jumapili. Mpelekeni mama hospitali ya kaunti, mwelezeni daktari kuhusu damu, na mwambieni pia atazame mdomoni, kule juu. Mama yenu atasema ni baridi, atasema ni moshi wa kuni. Msimsikilize. Huenda ni kifua kikuu, ambacho kina dawa. Huenda ni kitu kingine. Lolote liwalo, tulijue likiwa bado dogo.

Na wewe dada, namba ya ile huduma Mercy ameiandika nyuma ya karatasi hii. Siwezi kukuandikisha bila wewe kukubali, wenyewe wamekataa, na ni haki. Ukikubali, nitakuwa nakuambia kila jioni yale unayonikatia simu nisiyaseme, na sitachoka, maana nimesharekodiwa.

Nisalimie mwanao Odhiambo, mume wa Nafula, ambaye ni mwanangu pia, na umwambie simlaumu, hakujua. Msalimie jirani yako Mama Apiyo, anayekuletea maji ukiwa mgonjwa, na mwalimu wa Shule ya Jumapili. Watoto wa Nafula wabusu wote, hasa kale kadogo ambako bado sijakaona.

Usinijibu kwamba utaona. Wewe na mimi tumezika mama na nyanya, na hakuna aliyetuambia walikufa kwa ugonjwa gani. Nataka jibu la ndiyo au la. Ikiwa ni la, nitakuja mwenyewe, nikuketishe hapo hapo jikoni, nikae nawe mpaka uvae viatu.

Mdogo wako anayekupenda,
Akinyi