Miji Mitatu, Ankara Moja

Jumatatu, 5 Julai 2004

Dawa. Uji. Miguu juu ya mto. Zuhura ameondoka mapema, wateja wa duka lake la simu mtaani Dengfeng hawangoji. Binti mwema. Akirudi tunasalimiana, anakula, analala.

Uvimbe umefika magotini. Daktari alimweleza yeye, si mimi, lakini niliuona uso wake alipotoka ofisini. Sitaumaliza mwaka huu. Naliandika ili niache kulizunguka.

Jioni wamekuja tena Wakongo watatu. Papa Anselme wa mji wa vinu, Didier wa mji wa soko, Mama Furaha wa mji wa hospitali. Kwa kawaida hufuata bidhaa hapa Guangzhou, lakini safari hii miji yao imewatuma umeme. Bwana Wei, mwenye kampuni ya mitambo, atajenga kituo kwenye mto wao na kuwauzia umeme kwa jumla. Hataki kushughulika na miji mitatu. Mkataba mmoja, mita moja, ankara moja kila mwezi. Wagawane wenyewe. Zuhura aliwaambia kwamba baba yake alikuwa injinia wa umeme Tanzania maisha yake yote. Ndipo wakaanza kuja.

Wameleta samaki wa kukaanga na makelele. Chumba kilijaa. Nilifurahi kupita kiasi.

Jumanne, 6 Julai

Wamegombana vizuri leo. Sehemu kubwa ya ankara ni ya umeme wa kutengewa. Unataja kiwango cha juu kabisa utakachohitaji, na unakilipia hata usipokigusa. Didier ametaja kiwango kinachouzidi mji wake. Anselme akaongeza chake. Mama Furaha akawacheka, kisha naye akaongeza.

"Mimi sibanwi," Anselme alisema. "Kwenye kontena ukichukua nafasi ndogo, wenzako wanakukalia kichwani."

Hapo ndipo penye kosa. Watu hawa wamegawana makontena miaka mingi. Kila mmoja hulipia nafasi yake na kuilinda, na mzigo wa huyu hauwezi kukaa palipo na mzigo wa yule. Wanadhani waya nao ni kontena. Kwa hiyo wamejumlisha viwango vyao vitatu, na jumla hiyo miji yao haiwezi kuilipa.

Kosa hilo nililiona tangu jioni ya kwanza. Maneno machache yangelimaliza. Sijayasema. Nimewaomba waniletee saa za kazi za kila kinu. Watarudi.

Alhamisi, 8 Julai

Umeme umekatika mtaani tangu asubuhi. Jiji hili linajenga kuliko linavyoweza kuwasha. Hata kiwanda cha Wei kinafungwa kwa zamu. Lifti imesimama, na sisi tuko ghorofa ya tisa. Nilidhani hawatakuja. Nikakaa nikisikiliza ngazi. Marehemu mke wangu sikuwahi kumngoja kwa hamu ya namna ile. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Wamekuja. Anselme alitangulia, shati limeloa.

"Papa Injinia, mtu wa courant anakaa juu hivi bila courant? Mon Dieu!"

"Panda tu," Didier akamjibu kutoka nyuma. "Hicho kitambi ndicho kinachotumalizia nafasi kwenye kontena."

Wameleta saa za vinu. Nimezisoma polepole, ingawa nilijua zinasema nini. Wamekaa mpaka giza likaingia. Walipoinuka nikawaomba habari za pampu ya maji ya hospitali. Sizihitaji.

Ijumaa, 9 Julai

Hakuna aliyekuja. Wako soko la Shahe, wananunua nguo. Nimewasha redio nipate sauti ya mtu. Sielewi wanachosema.

Jumapili, 11 Julai

Mama Furaha amekuja peke yake. Alitoka misa, akapita mtaa wa Yide Lu kutafuta daftari na kalamu za duka lake, kisha kwangu. Ameniletea habari za pampu. Alimpigia simu muuguzi mkuu kwa kadi yake mwenyewe, ili mimi nipate kitu nisichokihitaji.

Amenieleza hospitali yao ilivyo. Jenereta inakunywa mazutu, na mazutu huja kwa lori kwenye barabara mbovu. Wanaiwasha kwa ajili ya kupasua tu. Wanaojifungua usiku wanamulikiwa kwa tochi. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Kisha akaitazama miguu yangu, akauliza ni nani anayenikanda. Nikasema hakuna. Akavuta kigoda akanikanda, huku akinisimulia ugomvi wake na laoban mmoja, mwenye duka la nguo za watoto. Kila akitaja bei yule bwana anajibu "mei you", hakuna, na nguo zenyewe zimejaa mpaka darini.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Nilitaka arudi.

Jumatatu, 12 Julai

Mambo yameharibika. Wei amempigia Didier. Wasiposaini Jumatano, mtambo unakwenda mgodini, kuna mnunuzi mwingine. Anselme amesema basi, mji wake unajitoa, utanunua jenereta yake wenyewe. Vinu vikitoka, miji miwili iliyobaki haiwezi kuibeba ankara. Kila mtu hapa anajua hivyo. Didier alimwita msaliti. Mama Furaha alifunga mkoba wake. Wameondoka bila kuniaga.

Niandike wazi, maana sitapata muda mwingi wa kuandika. Nimewakalisha gizani watu nisiowajua ili nisikae peke yangu jioni. Hakuna sababu nyingine. Ugonjwa si sababu. Hao wanaojifungua kwa tochi nao ni wagonjwa.

Jumanne, 13 Julai

Nilimwomba Zuhura awaite. Wamekuja wamenuna, hawakukaa.

Nimewaambia. Kontena likijaa mchana, usiku bado limejaa. Waya si hivyo. Vinu vinasaga mchana. Mji wa soko unawaka jioni, maduka, saluni, video. Hospitali inaweza kupampu maji yake usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Nafasi ile ile inatumiwa na huyu, kisha na yule. Msijumlishe viwango vitatu. Tafuteni saa ambayo miji yote kwa pamoja inavuta umeme mwingi zaidi, ombeni kiwango cha saa hiyo, na kila mji ulipie kile unachovuta saa hiyo. Umeme unaotumika siku hadi siku, kila mji ufunge mita yake ndogo nyuma ya ile ya Wei na ulipe kwa hiyo.

Didier alitoa kikokotoo. Akahesabu, akahesabu tena, akampa Anselme. Anselme akakaa kitandani kwangu.

"Na vinu vyangu vikisaga mpaka usiku?"

"Utawalipisha wote," nikamjibu. "Nawe ndiye utakayelipa zaidi."

"Basi vitazimwa soko likiwasha taa. Nimesema mbele yenu."

Ndipo Mama Furaha akaniuliza nililijua hili tangu lini.

Ningeweza kusema tangu jana. Nikasema tangu jioni ya kwanza. Akauliza kwa nini. Nikasema, mkimaliza hamtakuja tena.

Didier alichukua kikokotoo chake kwa Anselme akakitia mfukoni.

"Hizo ni siku nyingi za mazutu, Papa," Mama Furaha alisema. Sauti yake haikupanda, ningependa ingepanda. Alipofika mlangoni akageuka. "Ungetuita kula tu. Tungekuja."

Jumatano, 14 Julai

Wamesaini. Didier amepiga simu kutoka ofisini kwa Wei, akipiga kelele kama mtu aliye uwanja wa mpira. Anselme naye akashika simu akasema, "Papa Injinia, tumewaka!" Mama Furaha nilimsikia nyuma yao, akiwaambia wapunguze sauti. Hakuomba simu.

Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, 17 Julai

Wamesafiri jana. Mvua asubuhi, kisha jua. Kifua kizito, lakini nimekula.

Saa kumi nimempigia Zuhura dukani. Nimemwambia sina shida ya dawa, sijaanguka. Nina upweke tu. Neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya mwanangu. Nikasikia mteja akiuliza bei ya betri.

"Baba," akasema, "mbona hukusema?"

Amesema anamalizana na mteja huyo, anafunga duka, anakuja.