Yetu na Yenu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nakujulia hali: lile jicho jipya linaendeleaje, na lile la zamani linalongoja zamu yake linasemaje? Mdogo wangu ameniambia kwamba sasa unatia uzi kwenye sindano mwenyewe, na kwamba umemgombeza mkewe kwa vumbi la juu ya kabati ambalo miaka mitatu hukuwa ukiliona. Mpe pole wifi yangu. Mimi ni mzima wa afya, nakula, nalala, na kazi inaendelea.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa "pole mwanangu" kabla sijafika nusu. Mwezi ujao unapanda ndege tena kwenda kufanyiwa jicho la pili, na utarudi kupitia kiwanja chetu hiki hiki. Kabla hujakata tiketi kuna jambo la safari iliyopita ambalo ni haki yako kulijua, na baada yake kuna swali. Tafadhali soma mpaka mwisho, hata kama itabidi upumzishe jicho katikati.

Kiwanja chetu hujawahi kukiona vizuri. Siku unaondoka ulikuwa na ukungu machoni, na siku unarudi ulikuwa na haraka ya kufika nyumbani. Ni kidogo: ukumbi wa viti arobaini, mizani moja ya mizigo, kaunta moja, na njia moja tu ya kurukia ndege. Njia hiyo tunaitumia pamoja na jeshi. Wao wana mabanda yao ya kijani upande ule, sisi tuna vyungu vyetu vya maua upande huu, na katikati umepakwa mstari mwekundu ambao raia havuki bila kibali. Tunaishi kama wapangaji wa ua mmoja. Wao hulalamika kwamba abiria wetu wanapiga picha, sisi hulalamika kwamba helikopta yao inatupeperushia kofia. Lakini sukari ikiisha upande mmoja, kikombe huvuka mstari bila kibali cha mtu yeyote.

Kazi yangu unaijua nusunusu, na nina habari kwamba huwaambia watu nafagia uwanja. Si mbali sana na ukweli. Kabla ya kila ndege ya abiria, napita njia nzima na pikapu mara moja, naokota mawe, misumari na vipande vya mpira, na kufukuza ndege wenye manyoya wasikutane na ndege yenye injini. Ila siingii njiani kwa kupenda. Naomba kwa redio kwenye mnara, na mnara ni wa jeshi. Wakati wa safari yako ile, utaratibu ulikuwa hivi: wakisema "njia yenu", naingia. Wakisema "njia yetu", nakaa nje, maana kuna ndege inakuja au inaondoka. Na mimi lazima nirudie neno zima nililolisikia, ili nao wahakikishe nimesikia sawa.

Anayekaa mnarani mara nyingi ni sajenti mmoja tunayemwita Nukta, kwa sababu kila sentensi huimaliza kwa kutamka "nukta", hata akiagiza chai. Kwa miaka sita sijamwona akicheka. Mimi na wenzangu tulikuwa tukimwigiza kila mapumziko, na mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Leo naona haya kulikumbuka hilo.

Sasa nirudi kwenye safari yako. Umewasimulia majirani wote jinsi ndege ilivyoshuka karibu kabisa kugusa ardhi, kisha ikapanda tena na kuzunguka mji mara mbili. Unasema rubani alijua ndani kuna mama mwenye jicho jipya, akaona amtembeze aone dunia. Unasema uliona mabati, miti, barabara, na mtu wa fulana ya njano kule chini akikupungia mkono, nawe ukampungia. Mdogo wangu anasema kila ukisimulia, mizunguko inaongezeka. Juzi ilikuwa imefika minne.

Mama, rubani hakuwa akikutembeza. Alipanda tena kwa sababu kulikuwa na gari katikati ya njia, na gari hilo lilikuwa langu. Mtu wa fulana ya njano ni mimi. Sikuwa nikipunga mkono, nilikuwa nimeruka nje ya pikapu iliyozimika katikati ya njia ikagoma kuwaka, nikipigia kelele ndege kama mtu anayefukuza ng'ombe shambani.

Niliomba njia, Nukta akajibu "njia yetu". Mimi nikasikia "yenu". Herufi moja, Mama, ndani ya redio inayokoroma. Ningelirudia neno kama sheria inavyotaka, angenisahihisha hapo hapo. Lakini nilisema "sawa" nikakanyaga mafuta. Yeye ndiye aliyeniona kutoka juu, akamwamuru rubani apande, kisha akashuka ngazi za mnara mbio, akavuka mstari wao mwekundu, na tukaisukuma ile pikapu pamoja na askari wawili mpaka kwenye nyasi. Hakunitukana. Alisema niketi chini, nivute pumzi, nukta.

Ulipotua ukanikumbatia, ukaniuliza mbona nimelowa jasho. Nilikujibu ni jua. Na zile wiki tatu nilizokwambia nimehamishiwa kwenye mizani ili nipumzike na jua, sikuwa nikipumzishwa. Nilikuwa nimesimamishwa kazi ya njiani nikisubiri kikao.

Kikao kilikuwa cha watu sita, watatu wao na watatu wetu, katika chumba chenye feni isiyozunguka. Nilieleza kosa langu bila kulipunguza na nikawa tayari kurudisha fulana. Ndipo Nukta akasimama bila kuitwa. Akasema ni kweli huyu hakurudia neno, lakini kudai lirudiwe ni kazi yake yeye, naye hakudai, kwa kuwa kwa miaka sita alinizoea. Akasema kosa hili lina wenyewe wawili, na kama wanaandika jina langu kwenye karatasi, waandike na lake kando yake, nukta. Meneja wetu alimkumbusha kwamba mwezi ule alikuwa anatarajiwa kupandishwa cheo. Akajibu kwamba analifahamu hilo.

Waliandika majina yote mawili. Mimi nilipewa onyo, nikafundishwa upya, nikapimwa, nikarudishwa njiani. Yeye cheo kimeahirishwa, na bado anaagiza chai kwa nukta. Nilimfuata kumshukuru, akaniambia maneno ya kurudia ni yale ya redioni, si ya shukrani kwake. Mama, sijui nimfanyie nini mtu huyu. Namshukuru asubuhi nikivaa fulana na namshukuru jioni nikiivua. Wewe uliye hodari wa dua, mtaje kwenye zako. Yale maneno mawili, "yetu" na "yenu", yamefutwa. Siku hizi mnara husema "ingia" au "kaa nje", na hata mlevi hawezi kuyachanganya.

Limebaki moja, ambalo kikao hakikuniuliza nami sikulisema popote. Njia nilikuwa nimeshaikagua siku ile. Nilipita mara moja kama kawaida, ilikuwa safi, nikatia sahihi. Kisha nikakumbuka kwamba ndani ya ndege hiyo umo wewe, na daktari amesema usitikisike. Moyo ukakataa kutulia. Nikataka nipite mara ya pili, nitafute hata kijiwe. Haraka yangu yote, na ile "sawa" yangu, ilikuwa kwa ajili yako. Nilikupenda vibaya, Mama. Nisamehe.

Sasa swali. Siku utakayorudi na jicho la pili, zamu ya njia ni yangu. Meneja, ambaye ni muungwana, ameniruhusu nibadilishane na mwenzangu kama sijiamini, na anataka jibu. Nimemwambia mwenye jibu yuko kwake anatia uzi kwenye sindano.

Nisalimie mdogo wangu, wifi, na watoto wao wote watatu, yule mtundu mara mbili. Jirani aliyekupokelea dawa mwambie nimeshukuru sana. Na majirani wengine waache na rubani wao mkarimu ukipenda, sitakuumbua.

Ukisema nibadilishane, nitabadilishana bila kinyongo, na nitakungoja ukumbini kwenye kiti kama watu wengine wenye wageni. Ukisema nibaki, nitabaki. Lakini nitaikagua njia yako mara moja tu, Mama, kama ninavyowakagulia mama za watu wengine.

Nangoja neno lako.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
wa uwanjani.