Miche Iliyokufa Munje

Jumatatu, 16 Juni
Mafunzo tena, hotelini Diani. Mabadiliko ya tabianchi, kwa sisi maafisa wa misitu ya pwani. Chai mara mbili, mahamri baridi. Nilikuwa nasinzia hadi mkufunzi alipoonyesha picha: safu za miche ya mikoko, yote imekufa. Kijiji cha Munje. Niliijua mara moja, ni kazi yangu. Akauliza imekufa kwa nini. Nikawahi kujibu: wanakijiji hawakufuata maelekezo. Uongo mtupu. Wenzangu wakauandika.

Jumanne, 17 Juni
Niseme kweli hapa, kwingine sina uso. Bi Mwanasha, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Munje, alinikanya mapema. Pale mbele panapopigwa na mawimbi ni pa mlilana, jamii ya mikoko inayostahimili mawimbi; mkoko wenyewe hausimami. Mimi nilitaka mkoko kwa sababu ni rahisi: unaokota tunda, unalichomeka topeni, umemaliza. Mlilana unataka kitalu na subira, na ofisi ilitaka miche mingi upesi. Nikamwambia nimesomea. Mtu wa umri wa mamangu! Siku tatu akina mama wakainama matopeni kwa ajili ya kiburi changu.

Jumatano, 18 Juni
Ziara ya Munje. Bi Mwanasha alitupokea kwa madafu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, bila kinyongo. Mkufunzi akamwuliza kuhusu miche. Akanitazama kidogo.
"Tulikosea sisi, mwanangu. Afisa wetu alituelekeza vyema."
Amenisitiri mbele ya watu. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 19 Juni
Orodha ya vikundi vitakavyopewa kazi ya upandaji ujao imesomwa. Munje imeondolewa. Sababu: hawafuati maelekezo. Maneno yangu hasa. Nilinyamaza. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 20 Juni
Kabla ya kufunga nilisimama nikasema yote. Mkuu wangu alikuwa anakunjakunja karatasi, hakuniangalia. Munje imerudishwa. Mimi sitausimamia upandaji huo. Sawa. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Wapi!

Jumamosi, 21 Juni
Nimekwenda Munje kumwomba radhi Bi Mwanasha. Alisema yeye alishasamehe kitambo, ila niende kwa Mwanakombo, nyumba ya tatu. Alitoka kikundini baada ya miche kufa. Mumewe alikuwa akimsimanga kwamba anaacha nyumba kwenda kuchezea matope.

Mume nilimkuta barazani, anashona wavu. Nikamweleza: akina mama walijua kazi yao, mimi ndiye niliyekosea. Sindano ikasimama.

Kisha akamwita mkewe. Mwanakombo akatoka, mikono ina unga, akasimama mlangoni.

"Rudia," mume akaniambia. "Mbele yake."

Nikarudia.