Mwenye Namba Sitini na Tatu

Kitandililo, Makambako
9 Februari 2024

Mwanangu Esnath,

Kamwene. Unaendeleaje huko Ujerumani, na baridi yao imekuzoea? Sisi ni wazima, isipokuwa sikio langu la kulia limekufa kabisa. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu napayuka mpaka jirani wanajua mambo yetu yote.

Kazi uliyonituma imekwisha. Watu mia moja na kumi na wawili wametoa damu pale zahanati. Mwanzoni walikataa, wakasema damu inakwenda kuuzwa. Jumapili nikasimama kanisani nikawaambia, "Esnath mnamjua. Amelima viazi na nyinyi kabla ya kwenda kusoma mambo ya protini. Hawezi kunywa damu yenu." Wakacheka, wakapanga foleni. Kila mmoja kapewa kadi yenye namba. Romani wa kule bondeni akaniuliza, "Mwalimu, wakikuta kitu watatuambia?" Nikamjibu watatuambia.

Kaka yako Basil anaendelea na biashara ya dawa za viazi. Mwaka huu ana dawa mpya, inakuja kwenye madumu yasiyo na maandishi, anaipimia kwenye chupa za soda humu humu nyumbani, kwenye ghala la marehemu mama yako. Watu wanaigombania. Ukipuliza asubuhi, mchana wadudu wote wako chini. Na vyura wa mtaroni pia.

Mungu akulinde.

Baba yako,
Mwl. Ebeneza


Ujerumani
14 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Barua yako imenifikia, nimeisoma mara tatu. Mimi sijambo. Pole kwa sikio.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu ovyo kwa sababu nilikuwa na haraka. Leo nakujibu vizuri. Ndani ya damu kuna maelfu ya protini, kila moja na kazi yake. Tunazikata vipande, tunavipitisha kwenye mashine inayovipima uzito. Uzito wa kila kipande unajulikana. Kikizidi hata kidogo sana, maana yake kuna kitu kimekinasa na kimekataa kuachia. Nimeitumikia mashine hii miaka saba, naijua kama wewe unavyolijua jembe lako.

Baba, katika damu za kwetu nimekuta vipande vilivyozidi uzito. Watu thelathini na mmoja. Protini iliyonaswa ni ndugu wa ile inayoiambia misuli ipumzike baada ya kufanya kazi. Ikinaswa sana mtu anatokwa jasho na mate, anatetemeka, mwisho kifua kinashindwa kuvuta hewa. Kinachonasa hivyo ni sumu ya wadudu ya aina moja kali.

Sijaruhusiwa kukuandikia haya. Kiongozi wa utafiti anasema majibu yarudi kwa utaratibu, kamati ikishakaa, labda Septemba. Lakini naomba unieleze dawa ya Basil ina harufu gani. Na isikae ndani ya nyumba unayolala.

Mwanao,
Esnath


Kitandililo
21 Aprili 2024

Mwanangu,

Kamwene. Barua hii si njema, kaa chini kwanza.

Romani tumemzika juzi. Asubuhi alipuliza viazi vyake, shati limelowa mgongoni kwa sababu bomba linavuja. Saa nne alirudi akisema haoni vizuri. Mimi nilifika nikamkuta anatokwa jasho kama anayechimba, na unajua baridi ya hapa ilivyo. Nilimtazama machoni. Ile mboni ilikuwa imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Alikata roho kabla gari halijapatikana. Watu wamesema ni presha.

Dawa inanuka kama kitunguu saumu kilichooza. Nilimwendea Basil ghalani, nikamwonyesha barua yako.

Akasema, "Baba, Esnath anatafuta shahada nyingine kwa damu ya watu. Mbona mimi naishika dawa hii kila siku kwa mikono yangu na nimesimama hapa?"

"Mkono wako unatetemeka, Basil."

"Ni chai, sijanywa."

Alikuwa ameshakunywa, nilimwona.

Madumu ameyahamisha, hasemi yako wapi. Na watu wameanza kunijia nyumbani na kadi zao. "Mwalimu, majibu?" Nawaambia Septemba. Mke wa Romani aliniwekea kadi ya mumewe mezani akaondoka.

Baba yako


Ujerumani
10 Mei 2024

Shikamoo Baba,

Poleni sana na msiba. Romani ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli. Nililia kazini, wenzangu wakadhani mashine imeharibika.

Nimerudia vipimo vyote. Kati ya wale thelathini na mmoja kuna mmoja ambaye sikumwamini, nikampima mara nne. Ni namba 63. Zaidi ya nusu ya ile protini yake imenaswa, na si kwa siku moja. Huyu sumu inamwingia kila siku, kidogo kidogo. Ile damu ni ya Januari. Kama hajaacha, sijui leo yukoje. Akiingiwa na kipimo kimoja kikubwa tu, mwili wake hauna akiba ya kupambana.

Simjui ni nani. Daftari la majina limefungiwa, na halifunguliwi bila kibali. Niliomba kibali, nikajibiwa nisubiri kamati. Nikaandika kwa wakubwa wa afya huko kwetu, kimya mpaka leo.

Kwa hiyo nafanya jambo ambalo nikijulikana nitaulizwa. Baba, simama kanisani kama ulivyosimama mwanzo. Waambie wote waiache ile dawa. Na sema mwenye namba 63 aende hospitali siku hiyo hiyo, aseme anashika sumu ya wadudu, na asiiguse tena maishani mwake.

Kadi yako wewe ni namba ngapi? Hapana, usiniambie. Nenda tu ukasome.

Mwanao,
Esnath


Kitandililo
2 Juni 2024

Mwanangu Esnath,

Kamwene. Mimi ni namba 17, lala usingizi.

Jumapili iliyopita baada ya matangazo nilisimama. Nikasema yote. Kuhusu dawa waliguna, wengine wakatoka nje. Kisha nikauliza, "Nani ana namba sitini na tatu?" Watu walitoa kadi mifukoni, wakazitazama, wakazirudisha. Basil alikuwa kiti cha nyuma. Yeye hakutoa kitu. Alicheka, akasema kwa sauti, "Labda ni ya shetani hiyo."

Jumanne wifi yako Dorosela alikuja peke yake. Alikuwa anafua, akapekua mifuko ya koti la mumewe. Akanipa kadi imeloa, lakini namba inasomeka.

Ni Basil, mwanangu.

Sikujua hata kama alitoa damu. Nilikwenda kwake siku ile ile, nikaiweka kadi mbele yake. Nikamwambia, "Hii si fitina ya dada yako. Alikuwa hajui ni wewe." Akajibu, "Basi mwambie sasa anajua. Msimu mpya mzigo ni mkubwa kuliko wa kwanza, nimeshawaahidi watu mpaka Matamba." Akaichana kadi vipande viwili.

Miguu yake ameanza kuiburuta akitembea. Ukimuuliza anasema viatu.

Baba


Ujerumani
20 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Nimempigia Basil mara kumi na moja. Hapokei. Nimemwandikia ujumbe mrefu, umeonekana umesomwa.

Mtu kutoka zahanati alipeleka habari ya tangazo lako, na kiongozi wangu akaniita. Nilikubali kwamba ni mimi. Hakunigombeza, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Alisema, "Ulikuwa na haki ya kuogopa, hukuwa na haki ya kusema." Tangu jana kadi yangu haifungui mlango wa maabara. Jina langu limeondolewa kwenye utafiti. Miaka saba, Baba, na nilipewa boksi moja la kuwekea vitu vyangu.

Sijutii. Lakini sasa siwezi kupima damu ya mtu yeyote, hata ya kaka yangu. Mfuateni kila siku. Mfungieni ndani ikibidi.

Esnath wako


Kitandililo
17 Novemba 2024

Mwanangu,

Kamwene. Nisamehe kukaa kimya. Najua Dorosela amekwambia kwa simu yaliyo makubwa. Mengine alishindwa kuyasema.

Tulimfuata Basil miezi mitatu. Tulichoka sisi, yeye hakuchoka. Tarehe tatu Oktoba mzigo ulifika. Alijifungia kwenye chumba alichopanga kule Makambako mjini, akaanza kupimia, madirisha yamefungwa ili harufu isitoke. Wiki moja baadaye Dorosela alimkuta chini, povu mdomoni, dumu limemwagika hadi mlangoni. Hospitali waliuliza, "Amekunywa nini?" Dorosela akawajibu kama ulivyotufundisha, kwamba hakunywa, ameshika sumu ya wadudu. Daktari alisema jibu lile ndilo lililomwokoa, maana walianza sindano papo hapo. Siku tisa mashine ilimvutia pumzi.

Yuko hai. Anakula, anaongea. Miguu haisikii kitu kuanzia magotini. Daktari anasema labda itarudi, na anaposema labda anatazama dirishani.

Juzi aliniita kitandani. Akasema, "Baba, yalikuwa madumu ishirini. Kule chumbani mlikuta mangapi?"

Nikamwambia mjini tulikuta sita, na wakaguzi wameyachukua.

"Kumi na nne yalishaondoka wiki ile kabla sijaanguka. Matamba, na mengine yalipita kuelekea Lugarawa."

"Uliwauzia akina nani?"

Akaanza kulia. "Sikuandika. Walikuja na gari, wakapakia. Mmoja namkumbuka kwa koti tu."

Amemwomba Dorosela akuandikie kwamba anakuomba msamaha. Nimemwambia atakuandikia mwenyewe, mikono anayo.

Mchungaji amenipa barua ya kuzisomea sharika za Makete, Matamba ikiwemo. Mwenyekiti wa kijiji anasema nisubiri wakubwa watoe tamko. Nimesubiri mara moja katika maisha yangu, nikamzika Romani. Kesho napanda gari la Matamba, nitaanzia sokoni, nitamtafuta mtu mwenye koti.

Mvua imeanza tangu mwezi uliopita. Viazi vimeshachipua, na jana kutwa nimesikia mabomba yakipuliza kote bondeni, sijui dawa ya nani, kwa sikio hili moja lililobaki.

Baba yako,
Ebeneza